UZI: "Utupe leo riziki yetu" – namna ya kuomba hitaji la leo (mwili, moyo na roho) na mahali linapoharibika

#1 Pishi Moja (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Kwa ndugu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nyuzi za maombi mara nyingi huishia na "amina" mia mbili na namba ya simu ya nabii. Huu naomba uwe wa ufundi. Tunajadili ombi moja tu la Sala ya Bwana, la riziki: linaombwaje, lina sehemu gani, na kwa nini mtu anaweza kuliomba miaka ishirini asijue hata siku moja kama limejibiwa. Shuhuda zina nyuzi zake, tusizilete hapa.

Msingi kwanza. Katika Mathayo 6 ombi hili ni la nne. Linatanguliwa na jina la Mungu, ufalme wake na mapenzi yake, kisha yanafuata msamaha na majaribu. Ukishasema "mapenzi yako yatimizwe", tayari umekubali kwamba chakula cha leo kinaweza kuja kwa njia usiyoichagua.

Halafu soma Kutoka 16 yote, usiishie kwenye mana (chakula alichowashushia Mungu Waisraeli jangwani) kudondoka. Kila mtu alipimiwa pishi moja kwa siku. Mstari wa 36 unasema pishi hiyo ni sehemu ya kumi ya efa, nayo hukadiriwa kuwa kama lita mbili. Waliolaza mpaka kesho walikuta mabuu na uvundo. Siku ya sita waliokota pishi mbili, na ile ya ziada haikuoza. Jua likipanda, mana iliyeyuka (mstari wa 21). Kwa hiyo Mungu aliweka kipimo, akaweka saa, na akawaachia kazi ya kuinama na kuokota.

Namna ya kufanya, kwa kifupi:

Asubuhi kabla ya kugusa simu, chukua daftari. Andika tarehe na mistari mitatu: mwili, moyo, roho. Kila mstari hitaji moja tu, la leo, lililotajwa kiasi kwamba jioni utaweza kusema limekuja, halijaja, au limekuja kwa sura nyingine. "Bwana nibariki kiuchumi" haliingii. "Nauli ya kumpeleka mtoto kliniki na kurudi" linaingia. Kwa moyo: "Nisimjibu shemeji kwa hasira kwenye kikao cha familia saa kumi." Kwa roho: "Nisome Marko 4 nikiwa macho, nipate neno moja la kubeba."

Pembeni ya kila mstari weka jina la mtu mwingine mwenye hitaji kama hilo, kwa sababu sala inasema "utupe", haisemi "unipe". Chini yake andika utakachookota wewe mwenyewe: simu utakayopiga, mtu utakayemwomba radhi, dirisha la hospitali utakalopanga foleni.

Kisha sali. Dakika kumi na tano zinatosha. Jioni dakika tano za kuangalia. Baada ya hapo funga daftari; hitaji lililobaki litaandikwa upya kesho kama bado ni hitaji. Utashangaa ni mangapi kesho yake hayajiandiki.

Karibuni mrekebishe.

#2 mtoza_ushuru

Mkuu, nina maswali mawili, si kwa ubishi.

Moja: mstari wa 8 wa Mathayo 6 hiyohiyo unasema Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Sasa daftari la nini? Tunamkumbusha?

Mbili: kama ni pishi ya siku moja, VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na bima ya afya ni ukosefu wa imani? Maana mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hataki ya "leo".

#3 Bibi wa Jumuiya

Naweka mkeka hapa. Swali la kodi ni zuri sana.

#4 Katekista wa Zamu

Naanza na la kwanza. Baada ya kusema "Baba yenu anajua", Yesu hakusema "basi msiombe". Alisema "Basi ninyi salini hivi." Kujua kwa Baba ndiyo sababu ya sala kuwa fupi. Kilichokatazwa katika mstari wa 7 ni kupayuka-payuka, yaani kudhani wingi wa maneno ndio unaosukuma jibu. Daftari ni la kukusaidia wewe uache maneno mengi, kwa sababu ukishaandika hitaji kwa mstari mmoja, huna sababu ya kulizunguka kwa nusu saa.

La pili. Biblia haigombani na akiba. Yusufu aliweka akiba moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe (Mwanzo 41:34). Mithali 6 inamsifu chungu kwa kukusanya wakati wa mavuno. Hata jangwani ile pishi ya pili ya siku ya sita ilikuwa akiba, na iliagizwa. Kilichooza ni kile walicholaza kinyume cha agizo, kwa hofu kwamba kesho hakitakuja. Kwa hiyo usijiulize kama unaweka akiba, jiulize akiba hiyo inaongozwa na nini. Mchango wa VICOBA unaotolewa kila wiki kwa utaratibu ni jambo moja. Kumnyima mgonjwa wa jirani kwa sababu "siku hazieleweki", wakati debe tatu za mahindi ziko darini, ni jambo jingine kabisa.

Sasa kodi ya miezi sita. Kosa la kawaida ni kuombea jumla yote kila siku. Siku tisini mfululizo mtu anaomba laki tisa, siku themanini na tisa anaandika "haijajibiwa", na kufika mwisho imani imekwisha kabla ya fedha kuja. Igawe. Kabla ya yote, chukua kalenda, hesabu siku zilizobaki, tenganisha kinachojulikana kitaingia na pengo lisilojulikana litatoka wapi. Jumla ikabidhi mara moja kwa wiki, tuseme Jumapili. Siku za kazi omba sehemu ya siku hiyo: leo ni ujasiri wa kumwuliza mwenye nyumba kama atapokea miezi mitatu, kesho ni mteja mmoja alipe deni lake, keshokutwa ni kutokugusa kilichokwisha kutengwa. Hiyo ndiyo maana ya "yatosha kwa siku maovu yake" katika Mathayo 6:34. Kodi ya mwezi wa tisa haiondoki. Inagawanyika tu, na unabeba kipande cha leo.

#5 Mwana wa Agano

Shalom. Kwa heshima zote, uzi huu unapunguza imani za watu. Marko 11:24: lolote mnaloomba mkisali, aminini mnalipokea, nalo litakuwa lenu. Sasa mnamfundisha mtu aombe nauli? Mungu wa Ibrahimu anaombwa nauli? Na Wafilipi 4:19 inasema atawajazeni KILA mnachokihitaji. Kiri ukuu, acha kukiri udogo. Mtu mwenye imani hasemi "halijaja", anasema "limeshakuja".

#6 Pishi Moja

Mtumishi, karibu. Marko 11:24 ipo na hatuifuti. Ila ukisonga mbele sura tatu, katika Marko 14:36, Yesu mwenyewe anasali: Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini si kama nitakavyo mimi. Mwandishi ni yuleyule. Uwezo wa Mungu ameukiri wote, hitaji amelitaja bila kuficha, na uamuzi ameuacha kwa Baba. Kikombe hakikuondolewa, na hakuna anayeweza kusema alipungukiwa imani. Tena Mathayo 26:44 inasema alisali mara ya tatu kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo kurudia si kosa, na kusema "bado" si kosa.

Wafilipi 4:19 isomwe na mistari ya juu yake. Paulo anaandika akiwa kifungoni. Mstari wa 12 anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Mstari wa 18 anashukuru kwa vitu walivyomtumia kwa mkono wa Epafrodito, ambaye kwa mujibu wa sura ya 2 aliugua karibu kufa. Ahadi hiyo inatolewa na mtu aliyelala njaa, kwa watu waliotoa mfukoni. Ukiikata hapo ukaibandika kwenye bahasha ya mbegu ("panda elfu hamsini upokee gari"), umeitoa ilikokuwa.

#7 Mwana wa Agano

Sikutaja mbegu mimi. Ila naelewa unapoelekea. Basi nipe ujasiri uko wapi kwenye mfumo wenu, maana naona uhasibu tu.

#8 Katekista wa Zamu

Uko Luka 11. Mara baada ya sala ile, mstari wa 5 mpaka wa 8, kuna mtu anagonga mlango wa rafiki yake usiku wa manane. Anaomba mikate mitatu. Hasemi "nibariki kwa vyakula", anasema mitatu. Na si ya kwake, ni ya mgeni aliyefika safarini. Anagonga bila haya mpaka wenye nyumba wanaamka. Ujasiri ndio huo: idadi inatajwa, mlango unajulikana, na anayeombewa ni mtu mwingine. Hapa nakuunga mkono, mtumishi. Wengi wetu tunaomba kwa adabu mpaka hitaji lenyewe halisikiki.

Na nauli si ndogo. Martin Luther katika Katekisimu Ndogo ya 1529, ambayo vijana wa Kipaimara wa KKKT (kanisa la Kilutheri Tanzania) wanaikariri mpaka leo, anapofafanua riziki ya kila siku anaorodhesha chakula, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, watawala wema, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wema na majirani waaminifu. Viatu vimo, majirani wamo. Orodha hiyo ni dawa nzuri kwa mtu anayesema hana la kuomba: ipite polepole, simama pale panapouma.

#9 Muuguzi Msali

Niongeze upande wa mwili, kwa sababu ndipo watu wanapoumia kweli.

Kuombea afya na kutumia dawa vimekaa pamoja katika Biblia. Mfalme Hezekia aliomba, akaongezewa miaka kumi na mitano, na Isaya akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu (Isaya 38). Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23). Trofimo, mwenzake Paulo, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na hakuna aliyemwambia hana imani. Yakobo 5 inaagiza wazee waitwe, waombe na kupaka mafuta. Haisemi mgonjwa atupe vidonge.

Sasa mambo mahususi.

ARV (dawa za VVU). Kipimo kikionyesha virusi havionekani kwenye damu, maana yake dawa inafanya kazi. Si cheti cha kuacha dawa. Ukiacha, virusi hupanda tena, na kuacha-na-kurudi hovyo hufungua njia ya usugu. Ukiamini umeponywa, rudi kliniki, wapime wao, waamue wao. Mungu aliyeponya haogopi maabara. Hata wenye ukoma kumi wa Luka 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani.

Kufunga na ARV: walio kwenye kidonge kimoja cha TLD (ARV tatu ndani ya kidonge kimoja) wanaweza kumeza kwa maji, chakula kiwepo kisiwepo, saa ileile ya kila siku. Kumeza dawa hakuvunji mfungo.

Kisukari: mwenye kutumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, asifunge chakula bila kuongea na daktari, kwa sababu dozi imepangwa kwa kudhani utakula. Sukari ikishuka sana utaona jasho jingi, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Aliye na fahamu apewe mara moja vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apimwe tena, kisha ale. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Na mfungo umeisha hapo. Usiseme "nimalizie saa mbili zilizobaki".

Mjamzito, anayenyonyesha, mzee dhaifu, mwenye vidonda vya tumbo: kuna kufunga mitandao, nyama, soda, maneno. Isaya 58 inataja mfungo wa kumgawia mwenye njaa chakula chako, nao hauhitaji tumbo tupu.

#10 Pwani Moja

Nipo Kenya. Hapa kwetu jambo la mfungo si nadharia tena. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, makaburi yalifukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatolewa, watu walioambiwa wafunge mpaka kufa wakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Kipimo changu cha haraka kwa kiongozi anayeitisha mfungo: una tarehe ya mwisho? maji yanaruhusiwa? naruhusiwa kumwambia daktari na jamaa zangu? ninaweza kuacha bila kutishwa? Jibu moja likiwa hapana, ondoka, na umwondoe mtoto kwanza.

#11 Muuguzi Msali

Asante sana, Pwani. Hayo maswali manne wachungaji wayabandike ubaoni.

#12 kimya_kimya

Naomba kuuliza. Mstari wa moyo ndio unaonishinda kuelewa. Mwili una nauli na dawa, unahesabika. Moyo unaandika nini? "Nina huzuni"? Halafu?

#13 Pishi Moja

Swali hili ndilo kiini cha uzi kwangu, nitakaa nalo.

Chukua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, na imejengwa kwa vyumba vitatu. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Maneno "hata lini" yanarudi mara nne. Mstari wa 3 na 4 ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mstari wa 5 na 6 ni tumaini: nimezitumainia fadhili zako. Zaburi nyingi za kilio zinafuata ramani hiyo, mengine yakiongezwa.

Kwa hiyo siku moyo umejaa, usiandike mstari mmoja. Andika mistari sita. Miwili ya kulalamika, kwa Mungu, si kuhusu Mungu. Taja jambo: "Hata lini nitaamka saa tisa usiku nikihesabu madeni?" Miwili ya kuomba kitu kimoja cha leo: usingizi wa saa sita, mtu mmoja wa kuongea naye, machozi yasinitoke mbele ya wanafunzi. Miwili ya mwisho taja jambo moja la kweli kuhusu Mungu ambalo bado unaweza kulisema bila kudanganya. Likiwa dogo, liandike dogo. "Wewe u hai" inatosha.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza, mtu anaruka chumba cha kwanza. Tumefundishwa kwamba kulalamika ni kunung'unika, basi tunaanza na "nakushukuru Mungu kwa kila jambo" na kile kilichokuwa kinauma kinabaki chini, kinaoza kama mana iliyolazwa. Wana wa Israeli jangwani walinung'unika hemani, wakimsema Mungu mgongoni. Daudi alilalamika usoni pa Mungu. Pili, mtu anajilazimisha chumba cha tatu. Hakuna haja. Zaburi ya 88 haina chumba hicho, inaisha gizani, na imo ndani ya Biblia hivyohivyo. Siku kama hiyo simama kwenye ombi, sema amina, endelea na siku.

Na msitenganishe moyo na mwili kwa kisu. Soma 1 Wafalme 19. Eliya amekaa chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena. Ndipo siku arobaini za safari mpaka Horebu, na huko ndipo swali la roho likaja: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Chakula, usingizi, chakula, mwendo, kisha mazungumzo, kisha mwenzake wa kazi, Elisha. Ukiona moyo umezama, kabla ya kukemea roho ya huzuni uliza: nimekula nini tangu jana? nimelala saa ngapi? nani ameongea nami ana kwa ana wiki hii? Mara nyingi mstari wa moyo unajibiwa kupitia mstari wa mwili.

#14 Muuguzi Msali

Sahihi. Ila mpaka uwekwe. Huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, vitu ulivyovipenda havina ladha, unajiona huna thamani, kazi hazifanyiki, hapo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo kama ulivyoandika kwenye daftari. Kumbukumbu ya tarehe humsaidia sana mhudumu. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri asubuhi wala ibada ya mkesha. Mwambie mtu aliye karibu sasa, asikuache peke yako, mwende hospitali. Na mnaoombwa kusikiliza: usimwombee mtu wa namna hiyo kwa simu kisha ukakata.

#15 kimya_kimya

Nimesoma. Asanteni. Nimeelewa.

#16 Bibi wa Jumuiya

Wanangu, mstari wa roho mmeupita haraka. Nao una ufundi wake wa zamani.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliacha namna ya kupitia siku yenye hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga wa kujiona, kuipitia siku saa kwa saa tangu kuamka, kuomba msamaha, kuazimia kujirekebisha kwa neema, na kumaliza kwa Baba Yetu. Dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya kulala. Inaingia vizuri kwenye zile dakika tano za jioni za mleta uzi, nashauri aziongeze.

Kosa kubwa ni kuanza na hatua ya nne. Mtu akiketi tu anaanza kujishtaki, sala inageuka mahakama, na baada ya wiki anaikimbia. Shukrani itangulie, na iwe ya vitu: uji ulikuwa wa moto, daladala ilikuwa na kiti, mtoto alicheka. Tano zinatosha. Kosa la pili ni kupitia siku za wenzako: "Mama Fulani alinijibu vibaya saa nne." Pitia siku yako.

Na ukavu wa sala usikutishe. Siku usipohisi chochote, shika muda uleule na maneno yaleyale, usirefushe kwa kutafuta hisia, usifupishe kwa kukata tamaa. Kama ulikuwa umepanga dakika kumi na tano, kaa kumi na tano. Zaburi moja ya kusomwa kwa sauti husaidia pale maneno yako mwenyewe yanapogoma.

#17 mtoza_ushuru

Bibi umenifungua. Nauliza tena: nikiomba riziki kwa Mungu, kisha nikamwomba mjomba anikopeshe, nimeharibu imani?

#18 Mtunza Hazina

Hili niacheni mimi.

Watu humtaja sana George Müller wa Bristol, Uingereza. Alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima mwaka 1836, baadaye akajenga nyumba kubwa Ashley Down, na mpaka anafariki mwaka 1898 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamepita mikononi mwa kazi hiyo. Hakukopa, na hakuomba fedha kwa mtu. Mpaka hapo kila mhubiri anajua. Wasichosema ni kwamba alikuwa mtunza vitabu mkali. Aliandika maombi na majibu kwa tarehe, na kila mwaka alichapisha hesabu za kilichoingia na kilichotoka. Imani yake iliweza kukaguliwa. Wanaodai wanaishi "kwa imani kama Müller" waulizwe taarifa ya fedha iko wapi.

Lakini njia yake ilikuwa wito wake, si sheria kwa kila Mkristo. Paulo aliomba mchango waziwazi kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu; 2 Wakorintho 8 na 9 ni barua ya kuchangisha, na humo ananukuu mana: aliyekusanya vingi hakuzidiwa, na aliyekusanya vichache hakupungukiwa. Anachosema ni kwamba ziada ya mmoja wakati huu ifike kwenye upungufu wa mwingine. Mjomba wako anaweza kuwa ndiye kunguru wa Kerithi, kama wale waliomletea Eliya chakula. Mwombe, mweleze kiasi na tarehe ya kurudisha, na umpe nafasi ya kukataa bila kukuonea haya.

Sasa upande wa jumuiya, ambako "utupe" huvunjika. Yakobo 2:15-16: ndugu yuko uchi hana riziki, nawe unamwambia "enenda kwa amani, ukaote moto na kushiba". Kwa lugha ya siku hizi ni kuandika "tunakuombea mpendwa" kwenye kundi la WhatsApp lenye watu themanini. Matendo 6 wajane walipopunjwa, mitume hawakuitisha mkesha tu. Waliteua watu saba wenye majina, wakawapa kazi hiyo.

Utaratibu unaofanya kazi kwenye jumuiya ya kaya kumi hadi kumi na tano ni huu. Watu wawili, mmoja mwanamke mmoja mwanamume, wanapokea mahitaji kwa siri. Mwenye hitaji anataja kitu na siku: "unga kilo tano na mkaa mpaka Ijumaa", si "hali ni ngumu". Wale wawili wanaomba naye kwanza, halafu wanaangalia kapu la jumuiya. Kikikosekana, wanapeleka hitaji kwa wengine bila jina. Kinachotolewa kinaandikwa kwenye daftari lenye saini mbili. Badala ya jina huandikwa namba. Ada za shule na hospitali zilipwe moja kwa moja kwa shule au hospitali. Na kikao kinachofuata, kabla ya maombi mapya, yasomwe yaliyojibiwa.

Yanayoharibika: hitaji la ndoa ya mtu kutangazwa kama "ombi la sala" ili watu wajue, kapu kuwa mkopo wa wajanja, na mtu mzima mwenye nguvu asiyetaka kazi kulishwa miezi. Hilo la mwisho 2 Wathesalonike 3:10 imelijibu, ila soma vizuri, inasema ASIYETAKA kufanya kazi. Aliyekosa kazi ni habari nyingine, huyo anaombewa kazi na anatafutiwa.

#19 Mwana wa Agano

Mtunza Hazina, hayo ya daftari lenye saini mbili nayachukua niyapeleke kwenye seli yetu (kikundi chetu cha sala). Kuhusu kukiri bado tutabishana siku nyingine.

#20 Pishi Moja

Tutabishana kwa amani, mtumishi.

#21 Mlinzi wa Geti

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ya lindo, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. "Asubuhi kabla ya kugusa simu" ndio natoka nimechoka hoi. Nyumbani chumba kimoja, watoto wanaondoka shule, hakuna utulivu. Nafanyaje?

#22 Katekista wa Zamu

Siku yako inaanza unapoamka, mkuu, hata kama ni saa nane mchana. Mistari mitatu iandikwe hapo. Kama chumba kina watu, andika tu, sala yenyewe isali ukiwa njiani kwenda lindoni. Nehemia alimwomba Mungu akiwa amesimama mbele ya mfalme, kati ya swali na jibu (2:4-5), na kwenye ukuta wa Yerusalemu waliokuwa wanaujenga walisali na kuweka walinzi kwa pamoja (4:9), kwa hiyo kazi yako imo.

Kupitia siku kwa hatua za Bibi ufanye kabla zamu haijaisha, tuseme saa kumi na moja alfajiri, ukiwa umesimama ili usisinzie. Ukifika nyumbani usianze sala ndefu. Zaburi 4:8, amina, ulale.

#23 Mlinzi wa Geti

Hapo sawa. Na daftari lindoni haliruhusiwi, kuna kitabu cha matukio tu.

#24 Katekista wa Zamu

Kipande cha boksi la sabuni, ukubwa wa kitambulisho, kinakaa mfuko wa shati. Upande mmoja mistari mitatu, upande wa pili majina matatu. Kikijaa, nakili nyumbani Jumamosi.